Mlango wa Kuslaidi, Baridi ya Minneapolis na Udi wa Shangazi

SALMA: Karibuni tena jamani, hapa Minneapolis nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, na mimi wiki hii nzima nimepigana na ule mlango wangu wa kuslaidi wa sebuleni. Mlango umefungwa lakini pazia linacheza, asubuhi naangalia reli ya chini, barafu!

JUMA: Pole dada. Sasa ulijuaje upepo unaingilia wapi?

SALMA: Nilifunga pazia pembeni, nikawasha chetezo, nikatia udi, nikakipitisha polepole ukingoni mwa mlango. Moshi unapanda wima, unapanda wima, nikifika pale katikati vioo viwili vinapopandana, ukapinda kuja ndani.

JUMA: Subiri kwanza. Udi upi? Usiniambie ule wa kupika na sukari, aliokuletea shangazi kutoka Mombasa.

SALMA: Huohuo.

JUMA: Aisee! Kwa ajili ya mlango? Si ungewasha vijiti tu, au ubani?

SALMA: Ubani ukigusa kaa unatoa wingu zima, huoni unakoelekea. Udi unatoa uzi mwembamba, unausoma vizuri.

JUMA: Lakini ule ni wa wageni, wa Ijumaa, wa nguo za harusi! Shangazi anajua?

SALMA: Anajua, nilimpigia. Kaniuliza nyumba imenukia? Nikamwambia imenukia mpaka kwenye korido.

JUMA: Na kengele ya moshi je?

SALMA: Ililia, watoto wote wakaamka wakidhani kuna wageni, mmoja katoka na kanzu.

JUMA: Kanzu saa tano usiku! Haya, tuje kwenye mlango. Pale katikati kuna utepe wenye manyoya, ukilala miaka mingi unabaki kipara, unauvuta wote kwenye mfereji wake unapachika mwingine wa upana uleule. Sio sponji ya kubandika, mlango ukisukumwa unaichuna yote.

SALMA: Mimi nimebandika nailoni mlango mzima, selotepu ya pande mbili kuzunguka fremu, kisha draya ya nywele mpaka ikakaza. Pazia limetulia kabisa.

JUMA: Hapo hapana. Wewe unakaa ghorofa ya chini, ule mlango ni njia ya kutokea moto ukizuka. Huwezi kuziba njia ukiwa na watoto.

SALMA: Nailoni unachana kwa mkono, Juma.

JUMA: Gizani? Na moshi umejaa?

SALMA: Na mtoto wangu wa mwisho ana kifua, analala sebuleni kwenye baridi hiyo mpaka mwezi wa nne?

JUMA: Mhamishe chumbani, badilisha utepe, nyanyua vile vigurudumu vinavyobeba mlango relini.

SALMA: Chumba kipi? Nyumba ni ya kupanga, tuko sita.

JUMA: Bado nasema hapana.

SALMA: Na mimi bado naiacha.

JUMA: ...Haya. Tulipanga kuelezea vile vigurudumu, skrubu zake ziko chini kabisa pembeni ya mlango, unazungusha kwa bisibisi kidogo kidogo mpaka mlango usimame sawa na nguzo, ila muda...

SALMA: Dakika mbili tu zimebaki, nyingine tumezimaliza kwenye udi. Na silikoni?

JUMA: Silikoni wiki ijayo. Ila jamani, vile vitundu vya chini upande wa nje msivizibe, ndiko maji yanakotokea, mkiziba yanaganda humohumo relini.

SALMA: Tutumieni sauti zenu, nailoni au hapana. Kwaherini.