Meli Iliyopakwa Grisi Kabla ya Kuzamishwa

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo, na nyie mliosimama kule mlangoni poleni, ukumbi ni mdogo.

Nimeitwa nije kusimulia visa vya ajabu vya historia. Ningeweza kuanza na nyuki wa Tanga. Novemba 1914, jeshi la Waingereza na askari wao kutoka India lilishuka pwani kupigana na Wajerumani, risasi zikachokoza mizinga, namaanisha mizinga ya nyuki, si ile ya baruti, na nyuki wakatoka kushambulia bila kuuliza nani Mjerumani nani Mwingereza. Ningeweza pia kusimulia vita vya Zanzibar vya mwaka 1896, vilivyokwisha kabla saa haijatimia. Lakini hivyo mmeshavisikia mpaka mmechoka. Leo nimekuja na habari ya grisi. Msicheke. Grisi, hii hii ya gereji.

Meli yenyewe ni Liemba, ya Ziwa Tanganyika. Naona wa Kigoma wameshaanza kutabasamu. Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kwenye kiwanda cha Meyer. Ikaunganishwa, ikaonekana iko sawa, ikafunguliwa tena vipande vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakaja Dar es Salaam, yaani meli imesafiri ndani ya meli, halafu yakapandishwa garimoshi. Reli ya kati ndiyo kwanza ilikuwa imefika Kigoma, mwanzoni mwa 1914. Mafundi watatu wa kule kiwandani walifuatana na mzigo wao: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Walitumwa kuiunga, kuishusha majini, basi warudi kwao. Agosti Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikazuka, na safari ya kurudi ikafia hapo hapo.

Februari 1915 meli ikashushwa majini kwa jina la Graf von Götzen. Huyu Götzen ni yule gavana wa wakati wa Maji Maji, ambapo maelfu kwa maelfu ya watu wetu walikufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto. Kwa hiyo nitakapofika mahali jina hilo linapofutwa, sitarajii mtu atoe kitambaa afute machozi.

Ilikuwa na urefu wa mita zaidi ya 70. Ziwani hapakuwa na chombo cha kuitisha. Juu yake ulifungwa mzinga uliotoka kwenye Königsberg, manowari iliyozama katika delta ya Rufiji Julai 1915. Manowari imekufa Rufiji, mzinga wake umekwenda kulinda Kigoma.

Waingereza wakaona hili haliwezekani. Mwindaji mmoja aliyeijua Kongo, John Lee, aliwashauri walete boti ndogo za mota kupitia kusini. Kazi akapewa ofisa wa jeshi la majini, Geoffrey Spicer-Simson, mtu wa majigambo mengi na mafanikio machache. Alitaka boti zake mbili ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa. Akarudi na majina mengine, Mimi na Toutou, wakayapitisha. Kumbe ndivyo watoto wa Kifaransa wanavyomwita paka na mbwa. Sasa nyie wasemaji wa Kiswahili hebu fikirieni. Boti inakokotwa porini, mtu anauliza, inaitwaje hiyo? Mimi. Wewe? Hapana, Mimi.

Boti hizo, kila moja ya mita 12 hivi, zilitoka London mpaka Cape Town, zikapanda treni hadi Katanga, zikavutwa na matrekta ya mvuke na maksai kupita milima ya Mitumba, zikateremka mto Lualaba, zikapanda treni tena. Njia zilifyekwa na madaraja yakajengwa na vibarua wa Kiafrika, watu wengi mno, ambao hakuna aliyeandika majina yao pembeni ya lile la Spicer-Simson. Siku ya pili ya Krismasi, 1915, wakiwa kwenye sala ya asubuhi, meli ndogo ya Kijerumani Kingani ikatokea. Wakamaliza sala, wakaikamata. Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann.

Yule bwana mwenyewe alikuwa akitembea amevaa sketi na amechorwa chale mwilini. Waholoholo wa upande wa Kongo wakampa jina: Bwana Chifungatumbo. Jina limemkaa! Lakini Götzen ilipotokea yenyewe, Chifungatumbo alikataa kutoka. Maafisa wake walisaga meno, naye hakwenda. Kwa hesabu ya mizinga, mimi simlaumu.

Basi Götzen haikushindwa na mtu majini. Ilishindwa na nchi kavu. Katikati ya 1916 Wabelgiji, watawala wa Kongo, walikuwa na ndege za kutua majini zilizoshambulia Kigoma, na majeshi yao yalikuwa yanakaribia. Amri ikatoka: meli isiangukie mikononi mwa adui, izamishwe.

Hapa ndipo ninapopapenda mimi. Mngedhani wangeilipua. Baruti haikukosekana. Lakini walioitwa kuizamisha walikuwa mafundi wale wale wa Papenburg, walioifungua Ujerumani na kuiunga Kigoma. Wakapaka injini grisi, tabaka nene, kila mahali maji yanapoweza kula chuma. Wakajaza mchanga meli ikalie kitako chini. Kisha, tarehe 26 Julai 1916, wakaiachia maji taratibu, karibu na pale Malagarasi inapomwaga maji yake ziwani, kwenye kina cha mita kama 20. Mtu anayetia kitu grisi kabla ya kukizika anajua anachofanya: alitarajia kurudi.

Hawakurudi wao. Wabelgiji waliiibua mwaka 1918, wakaikokota hadi Kigoma, na mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena. Wakaja Waingereza, wakaiibua Machi 1924. Walipofungua injini na boila, miaka minane tangu siku ya grisi, wakakuta vinafaa kutumika. Havikuhitaji kutupwa. Mei 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji mwaka 1867 alipofika upande wa kusini wa ziwa.

Mengine mnayajua. Kigoma mpaka Mpulungu, Zambia, dagaa na mawese sitahani, na vijiji vingi visivyo na gati, kwa hiyo honi ilikuwa ikilia usiku na mitumbwi ikija kugombania ubavu wa meli, mama akirushiwa mtoto, mtoto akidakwa. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi kwao Kongo. Mei 2015 Warundi maelfu kwa maelfu walikwama Kagunga, ufuko mwembamba, nyuma mlima, mbele maji. Liemba ikawa inakwenda na kurudi ikiwapeleka Kigoma, watu kama 600 kwa safari. Meli iliyofungwa mzinga kwa vita vya wenyewe Wazungu, jamani.

Mzee pale ameniuliza, injini za grisi zimeishia wapi? Ziliondolewa miaka ya 1970, ikafungwa dizeli. Ina maana ziliendelea kuzunguka zaidi ya miaka 40 baada ya kutolewa majini. Fundi wangu wa gari nimemsimulia habari hii mara tatu, na mara zote tatu ananiuliza kitu kimoja tu: ilikuwa grisi ya aina gani?