Kurudi Bustanini

Habari za jioni, ndugu zangu. Ahsanteni kwa kunialika, na ahsanteni ninyi mlioacha shughuli zenu mkaja. Kabla sijaanza, naomba niulize: ni nani hapa aliyewahi kuwa na bustani akaiacha? Nyosheni mikono, msione haya. Naam. Mikono ni mingi kuliko nilivyotarajia. Basi tunajuana.

Mimi yangu niliiacha miaka 6. Mama aliugua, na ugonjwa wake ulikuwa ule wa kukesha naye. Sikuwahi kukaa chini nikaamua kuiacha bustani. Nilisema nitapalilia kesho, kesho ikawa wiki, wiki ikawa msimu. Mama alipofariki, ilipita miezi mingi bila mimi kutazama upande ule. Dirisha la jikoni kwangu linaelekea bustanini, nami nikawa sifungui pazia.

Nalisema hili mapema kwa sababu tukizungumzia kurudi bustanini huwa tunakimbilia majembe na mbegu. Kwa nilivyoona mimi, kinachomzuia mtu mlangoni ni aibu. Unayaona magugu yamefika kiunoni, na kila jani linakuhesabia siku ambazo hukuja. Mtu akiwa na hisia hiyo, hata ukimpa jembe jipya atalisimamisha ukutani. Kwa hiyo jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya kile kilichokuwa kikiendelea pale bustanini wakati sisi hatupo. Nilipokielewa, ile aibu ilinitoka.

Siku niliyorudi sikuwa nimepanga kurudi. Mvua ya kwanza ilinyesha baada ya kiangazi kirefu, na harufu ya udongo ikaingia ndani pazia likiwa limefungwa. Mnaijua harufu hiyo. Mwaka 1964 wanasayansi wawili waliokuwa wakifanya kazi Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliipa jina: petrikori. Sehemu yake kubwa ni kemikali iitwayo jiosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, hasa wale wa jamii ya Streptomyces. Pua ya binadamu huinasa hata ikiwa hewani kwa kiasi kidogo mno. Tone la mvua likigonga ardhi kavu hunasa viputo vya hewa, viputo vinapasuka na kuirusha juu ile harufu. Kwa hiyo kilichoniita siku ile kilikuwa ni viumbe hai. Bakteria wale walikuwa kazini miaka yote 6.

Nikatoka na ndoo. Niliigeuza kifudifudi, nikaikalia katikati ya magugu, wala sikugusa kitu kwa muda. Hili nawasihi sana, ndugu zangu: siku ya kwanza keti. Usiende na jembe. Mtu aliyerudi huwa na hamu ya kufyeka yote kwa siku moja ili ajisikie amelipa deni, na jioni mgongo unamfunga, wiki inayofuata haonekani tena.

Nilipokwisha kukaa, niliingiza vidole chini ya magugu nikachota udongo. Nilitarajia kukuta jiwe. Udongo ulikuja wenyewe, mweusi, umekaa chembechembe zinazoshikana na kuachiana, nyungunyungu wawili ndani yake. Nikasogea hatua tatu hadi kwenye kijia kilichobaki uchi, nikajaribu tena. Pale palikuwa pagumu, juu pameganda kama kigae. Jua lile lile, mvua ile ile. Tofauti ni kwamba upande mmoja ulifunikwa na mwingine haukufunikwa.

Maelezo yake ni haya. Mizizi inapokufa huacha vijia ardhini, na maji na hewa hupita humo. Kuvu huunganisha chembe za udongo kwa nyuzi zake, na nyungunyungu huvuta majani yaliyoanguka na kuyapeleka chini. Kazi hizi zote hukatizwa kila tunapolima. Mimi nilikuwa nalima bustani ile kila msimu kwa bidii na nikijivunia, na kumbe ardhi ilipata nafuu nilipoacha. Sisemi kuiacha bustani ni njia ya kuitunza. Nasema muda uliopita haukupotea wote, na magugu niliyokuwa nikiyaonea aibu ndiyo yaliyokuwa blanketi.

Lakini magugu ni magugu, tusiyapambe. Niliyachukia kwa muda mrefu na mengine bado nayachukia. Ndago, kwa mfano. Ukiishika shina ukavuta, inakatika kirahisi na unadhani umeshinda. Siku ile nilichimbua moja taratibu, kwa ncha ya kijiti. Chini ya majani matatu membamba palikuwa na uvimbe mdogo, kutoka hapo uzi mwembamba, kisha kiazi cheusi kinacholingana na punje ya njugu, uzi tena, kiazi tena. Nilifuata mnyororo ule hadi cha tano, uzi ukanikatikia. Kila kiazi kina machipukizi yaliyolala, na ukikata uzi unaotoka kwa mmea mama ndipo yanapoamka. Kumbe kila nilipopita na jembe nikiikatakata, nilikuwa naizidisha.

Na mbegu je? Mwaka 1879 huko Michigan, Marekani, profesa mmoja aitwaye William James Beal alifukia chupa 20 za mbegu zilizochanganywa na mchanga. Alitaka kujua mbegu za magugu huishi muda gani ardhini. Jaribio hilo bado linaendelea, hupokezanwa kizazi kwa kizazi. Chupa moja ilifukuliwa mwaka 2021, usiku, ili mwanga usizifikie mbegu kabla ya wakati, na baadhi zikaota. Ni zaidi ya miaka 140, jamani.

Kwa nini usiku? Kwa sababu mbegu nyingi ndogo za magugu zina protini inayohisi mwanga. Zikiwa chini zimelala. Jembe likigeuza udongo, mwanga wa kupepesa macho tu unatosha kuziambia kwamba juu pamefunguka. Ndiyo sababu ukilima shamba lote leo, baada ya wiki mbili linakuwa kijani kwa mimea usiyoipanda.

Basi mimi nilifungua kipande cha mita 1 kwa 2, hapo tu. Kwingine nilifyeka magugu juu juu kabla hayajatoa mbegu, nikayalaza palepale yawe matandazo, nikaongezea majani makavu hadi unene wa kiganja. Kwenye kile kipande kidogo nilitoa ndago kwa mkono, kiazi kwa kiazi, nimeinama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ilinichukua asubuhi nne, saa moja kila asubuhi. Na ni hapo, asubuhi ya tatu, nilipogundua kwamba nilikuwa naimba.

Sikuwa nimeimba tangu mama aondoke.

Naomba mnivumilie kidogo. Haya, tuendelee.

Kulikuwa na kopo la mbegu. Nililikuta juu ya kabati, pakiti ndani yake zimeandikwa kwa mwandiko wangu, na mbili kwa mwandiko wa mama. Watu wengi wakirudi huzitupa mbegu za zamani. Msizitupe kabla hamjaziuliza. Chukua mbegu 10, zifunge kwenye kitambaa kilicholowa, kitambaa kiweke mahali penye joto la kawaida, usikiache kikauke. Baada ya siku 7 hadi 10 fungua uhesabu. Vitunguu vyangu havikuota hata kimoja, na sikushangaa, maana mbegu ya kitunguu huchoka ndani ya mwaka mmoja au miwili. Nyanya huvumilia zaidi, hasa zikikaa pakavu na penye ubaridi. Katika nyanya 10 za pakiti ya mama, 7 zilikuwa zimetoa kimzizi cheupe, kifupi kuliko ukucha. Nilizihesabu mara mbili.

Juu ya samadi na umwagiliaji sitasema mengi, mnavijua. Samadi iwe imeiva, maji yafike chini kwenye mizizi badala ya kunyunyizwa juu kila siku. Mengine mtaniuliza baadaye.

Nilitaka nimalizie na maharage, kwa kuwa nilisubiri nyanya zikue kitaluni na kipande changu kilikuwa kitupu. Nilipanda mistari miwili. Siku ya sita asubuhi nilikuta udongo umepasuka ufa mwembamba, kama mkate unapoumuka. Nikapiga magoti. Ndani ya ufa palikuwa na kitu kimejikunja mfano wa kiwiko cha mtoto. Harage halitangulizi majani, kwa kuwa yangechubuka. Linatanguliza shingo iliyopinda, shingo ndiyo inayosukuma udongo, na kichwa kinavutwa nyuma yake kimeinama. Likishafika kwenye mwanga ndipo shingo inaponyooka.

Nilikaa pale na kikombe changu cha chai hadi kikapoa. Sikuona likisogea hata kidogo. Nilikwenda kuosha kikombe, nikafungua pazia la jikoni ili nipate mwanga, na niliporudi lilikuwa limesimama, udongo kidogo bado umeng'ang'ania utosini.

Ahsanteni sana. Sasa nayasikiliza maswali yenu.