Kuchagua kramponi zinazolishika buti lako sawasawa

Karibuni watazamaji. Hapa mezani nina mabuti ya aina tatu na kramponi za aina tatu, yaani vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya buti ili usiteleze kwenye barafu. Tutazioanisha sasa hivi, hasa kwa ajili yako unayejiandaa kwenda Rwenzori. Kilimanjaro, kwa njia kama Marangu na Machame, wengi hufika Uhuru bila kuzivaa. Margherita, kilele cha juu kabisa cha Rwenzori chenye mita 5,109, ni habari nyingine: unavuka barafu yenyewe.

Anza na buti. Shika kisigino kwa mkono mmoja, ncha kwa mkono mwingine, ulikunje kwa nguvu. Likikunjika kirahisi kama raba, liweke kando, kwa sababu soli inayojikunja hulegeza kramponi, na chuma kinaweza kukatika. Gambuti nazo, pamoja na msaada wake wote kwenye matope ya Bigo huko Rwenzori, hazifai kwenye barafu. Beba mabuti magumu ubadilishe huko juu.

Sasa ligeuze, utazame kingo za soli. Sogea karibu na skrini uone: hili lina kifereji kigumu nyuma tu, juu ya kisigino. Hili lina nyuma na mbele. Hili la tatu halina popote, ila soli yake ni ngumu.

Lisilo na kifereji livishe kramponi za mikanda, zenye kishikizo laini cha plastiki mbele na nyuma. Lenye kifereji cha nyuma linapokea zenye mkanda mbele na wenzo wa kubana kisigino. Zenye waya mbele na wenzo nyuma ni za buti lenye vifereji viwili peke yake. Tafadhali usizilazimishe kwenye buti jingine! Ukipiga teke barafu, waya unachomoka, na wewe uko mtelemkoni.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoomba usiiruke hata kama unakodi na foleni ni ndefu. Rekebisha urefu kwenye bapa la katikati, ingiza buti, lakini usifunge mikanda. Inua buti, litikise. Kramponi inatakiwa ing'ang'anie yenyewe. Ikianguka, fupisha tundu moja, ujaribu tena. Kisha tazama mbele: meno mawili ya mbele yatokeze sentimita 2 hivi kupita ncha ya buti. Tazama pia pembeni, maana mabuti mawili ya namba 42 yanaweza kutofautiana umbo, na waya usiogusana na kifereji kote hautashika. Njoo na buti lako mwenyewe dukani. Namba peke yake haitoshi.

Kuhusu meno, chukua 12, ya chuma cha pua au chuma cha kawaida. Aluminiamu ni nyepesi, lakini kati ya barafu ya Stanley Plateau, unayoivuka kwanza, na ile ya Margherita kuna miamba, na miamba huyala meno yake upesi. Hakikisha chini kuna bapa la plastiki au mpira la kuzuia theluji isigande.

Bizimu zikae upande wa nje wa mguu, zisije zikanasa suruali. Mkanda uliozidi uchomeke vizuri.

Mwisho, vaa glavu nene, zima taa ya chumbani, washa tochi ya kichwani, uzivae na kuzivua mpaka mikono izoee. Safari ya kileleni huanza usiku, na huko ndivyo utakavyozifunga.