Maswali ya kudhoofisha hoja kwenye LSAT: tafuta pale hoja iliporuka

Hamjambo ndugu zangu, karibuni tena. Leo nazungumza na wadogo zangu mnaotaka kuja kusoma sheria huku Marekani. Ujumbe mnaonitumia kuhusu LSAT, mtihani wa kuombea nafasi kwenye vyuo vya sheria, ni mwingi, na karibu wote unaishia palepale: "Dada, haya maswali ya kudhoofisha hoja yananitoa jasho."

Kwanza tuwekane sawa. Huku sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, ya fani yoyote ile, kwa miaka mitatu, na unatoka na JD, yaani shahada ya sheria ya huku. Hapo ndipo LSAT inapohitajika. Kama tayari una LLB (shahada ya kwanza ya sheria) ya nyumbani na unachotaka ni LLM (shahada ya uzamili ya sheria), kwa kawaida mtihani huu haukuhusu. Tunza hela yako.

Tangu Agosti 2024 ile sehemu ya mafumbo ya kupanga watu na vitu imeondolewa. Zinazohesabiwa sasa ni tatu: mbili za hoja, moja ya ufahamu. Ipo na ya nne isiyohesabiwa, ila hutajua ni ipi, kwa hiyo zote zipe uzito uleule. Kila moja ni dakika 35. Mnaona wenyewe hoja zimebeba mtihani kiasi gani, ndiyo maana sitaki mzipuuze.

Swali lenyewe liko hivi. Unapewa aya fupi: mtu ametoa sababu zake, halafu akahitimisha. Chini yake kuna majibu matano, A mpaka E. Unaulizwa lipi, likiwa kweli, linadhoofisha hoja hiyo zaidi.

Sisi tuliokulia kwenye midahalo ya shule tumezoea kusimama na kupinga: "Mheshimiwa mwenyekiti, hayo si kweli!" Hapa usiguse sababu zake. Alichokitaja kuwa ushahidi, kikubali. Na majibu yote matano nayo yachukulie kuwa kweli, hata kama yanapingana na unayoyajua maishani. Unachotafuta ni ule mruko kati ya ushahidi na hitimisho. Kuna kitu ameamini bila kukisema, na jibu sahihi ndilo linalokitikisa.

Tufanye mfano nilioutunga mwenyewe. Kliniki moja ya wajawazito ilianza kutuma ujumbe wa simu kuwakumbusha kina mama tarehe zao. Miezi sita baadaye mahudhurio yamepanda sana. Mganga mkuu anasema: ujumbe wa simu ndio ulioongeza mahudhurio.

Majibu haya hapa. A: baadhi ya kina mama wa eneo hilo hawana simu. B: kutuma ujumbe kunaigharimu kliniki fedha nyingi. C: katika miezi hiyohiyo kliniki ya kata jirani ilifungwa kwa ukarabati, na wajawazito wake wakaelekezwa hapa. D: mahudhurio yalipanda zaidi kwa wale ambao namba zao zimesajiliwa. E: wauguzi wengi wanaupenda utaratibu huo mpya.

Simamisha video kidogo, chagua.

Jibu ni C. Mganga ameona mambo mawili yakienda pamoja, akasema moja limezaa lingine. Moyoni ameamini kwamba hakuna sababu nyingine. C inaleta sababu nyingine, na hoja inalegea. Angalieni, C haijathibitisha kwamba ujumbe haukusaidia. Huenda ulisaidia. Hatudaiwi kuiua hoja, tunadaiwa kuipunguzia nguvu. Wengi mnaikataa C kwa sababu "haijathibitisha", na inaniuma kuona mtu aliyeelewa kila kitu akipoteza alama namna hiyo.

A ndiyo inayonasa watu. Inasikika kama pingamizi, lakini ni "baadhi" tu. Kina mama wawili wasio na simu hawawazuii mia wenye simu kukumbushwa. Mkikutana na "baadhi", jiulizeni: hata wakiwa wachache kabisa, hoja inatikisika? B inazungumzia gharama, na mganga hakusema ni rahisi. E ni mapenzi ya wauguzi, tuiache. D ni hatari kwa mwenye haraka kwa sababu inaimarisha hoja, na jibu linaloimarisha mara nyingi lina maneno yaleyale ya aya, kwa hiyo jicho linalipenda.

Mruko mwingine mtakaokutana nao sana ni wa asilimia na idadi: ajali zimepungua kwa idadi, basi barabara ni salama zaidi. Je, kama magari yanayopita nayo yamepungua nusu? Na ule wa kuwauliza watu wachache, kisha kuwasemea wote.

Sasa, kwa sisi ambao Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu, nawashauri hivi kwa moyo wote. Ukimaliza aya, kabla hujatazama majibu, sema hitimisho kwa Kiswahili kichwani, sentensi moja. "Anasema ujumbe umeleta watu." Kisha: "Kwa nini isiwe kitu kingine?" Ni sekunde chache, na maswali ni kama dakika moja na nusu kila moja, kwa hiyo muda upo. Usipoweza kulisema, hujalielewa. Rudi kwenye aya, usikimbilie majibu. Na usiache swali wazi hata moja, kwa sababu kukosea hakukatwi alama.

Mazoezi rasmi yapo bure ukifungua akaunti kwenye LawHub, tovuti ya LSAC, taasisi inayosimamia mtihani huu. Anzeni na hayo kabla hamjamlipa mtu yeyote.

Nawaachia moja. Wanafunzi waliosoma kwenye vikundi walipata alama za juu kuliko waliosoma peke yao, kwa hiyo kusoma kwa kikundi kunapandisha alama. Niandikieni hapo chini sentensi moja tu inayoilegeza hoja hiyo. Nitazisoma zote, na video ijayo tutazichambua pamoja.