Vimulimuli Sitini

Asanteni kwa kunikaribisha. Kabla sijasema lolote, tazameni picha iliyo ukutani. Ina madoa 60 tu, safu 6 za madoa 10, mengine meupe na mengine meusi. Nani ataniambia ni picha ya nini? Mbuzi? Haya. Huku wanasema kiti. Ninyi wenzetu msioona mlio humu ukumbini hamjapitwa na kitu, maana wanaoona nao wanapapasa. Ni mtu amesimama kwenye mlango uliofunguliwa nusu. Sasa nimeshawaambia, mnamwona, si ndiyo? Kumbe picha haikubadilika hata doa moja. Kilichobadilika ni kichwa chako, na hapo ndipo ulipo ugumu wote wa jicho la bandia, yaani kifaa cha umeme kinachopandikizwa kumsaidia asiyeona.

Magazetini huandikwa kwamba kifaa fulani “kimerudisha uwezo wa kuona”. Mimi sipendi usemi huo. Mtu aliyepandikizwa kifaa hiki hupewa vimulimuli, yaani vinukta vya mwanga vinavyowaka na kuzimika, kisha ajifundishe kuvisoma.

Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, wenye seli zaidi ya milioni 100 zinazopokea mwanga. Seli hizo hukabidhi habari kwa tabaka nyingine za seli, na mwisho kwa neva ya jicho, yenye nyuzi zipatazo milioni moja, hadi kwenye ubongo. Kuna magonjwa ya kurithi yanayoua wapokeaji wa mwanga na kuziacha tabaka za nyuma zikiwa hai. Mlango umefungwa, ila ndani watu wapo macho. Wahandisi wakajiuliza: tukiwabishia hodi kwa umeme, si wataitika?

Kwamba umeme huwasha mwanga kichwani si jambo geni. Mwaka 1968 mtafiti Giles Brindley, nchini Uingereza, alitangaza kwamba amemwekea mama mmoja asiyeona elektrodi 80, yaani vipande vidogo vya kupitishia umeme, juu ya ubongo, upande wa kisogoni, panapohusika na kuona. Umeme ulipopita, mama yule aliona nukta za mwanga. Lakini alipozungusha macho, nukta nazo zilihama pamoja na macho yake. Ushikilie ukweli huo mdogo, maana unarudi sasa hivi.

Kifaa kilichofika mbali zaidi kibiashara kiliitwa Argus II, cha kampuni ya Second Sight ya California. Ulaya kiliidhinishwa mwaka 2011, Marekani mwaka 2013. Miwani ina kamera ndogo, kompyuta inavaliwa kiunoni, na juu ya retina kumebandikwa elektrodi 60. Ndiyo maana nikawaonyesha madoa 60. Bei yake ilikuwa kama dola 150,000, bila gharama ya upasuaji, na watu zaidi ya 350 walipandikizwa.

Sasa mrudieni yule mama wa Brindley. Kamera imo kwenye miwani, haimo kwenye jicho. Ukizungusha jicho, kamera haina habari, na ubongo unadhani kitu kimehama. Kwa hiyo mtumiaji hujifunza kutuliza macho na kuzungusha kichwa chote, polepole, kulia na kushoto, kama mtu anayefagia uwanja kwa paji la uso. Wengine walifika kuutambua mlango, ukingo wa njia, sahani nyeupe juu ya meza nyeusi. Wachache walisoma herufi kubwa, moja moja. Kwa mtu aliyekaa gizani miaka 20 hayo si madogo, wala simcheki anayelia machozi siku ya kwanza.

Halafu kampuni ikachoka. Mwaka 2019 iliacha kutengeneza Argus II, na mwaka 2020, fedha zilipokauka, ikawaachisha kazi wafanyakazi wake wengi. Watu wakabaki na mtambo ndani ya jicho usio na fundi wala vipuri. Kuna mama aliyekuwa akibadilisha treni kifaa chake kikalia, kikazimika, na hakikuwaka tena. Kutolewa nako ni upasuaji mwingine, tena wenye hatari zake. Simu ikikosa vipuri unanunua nyingine. Jicho je?

Kizazi kipya ni PRIMA, kilichobuniwa na Daniel Palanker wa Chuo Kikuu cha Stanford. Ni chipu ya milimita 2 kwa 2, nyembamba kuliko unywele, inayowekwa chini ya retina. Haina waya. Miwani huirushia miale ya infraredi, mwanga ambao jicho halioni, na miale hiyohiyo ndiyo picha na ndiyo umeme wake. Kwa kuwa miale hupita kwenye mboni, jicho likizunguka, chipu huangukiwa na sehemu nyingine ya picha, kama ilivyo kwa jicho la kawaida. Tatizo la mwaka 1968 limepata dawa, angalau hapo.

Imekusudiwa wazee ambao katikati ya retina pameliwa na ugonjwa huku pembeni pakiwa pazima. Matokeo yalitangazwa mwaka 2025: kati ya watu 32 waliopimwa baada ya mwaka mmoja, 26 waliweza kusoma ubao wa herufi vizuri kuliko awali. Nisiwafiche: kati ya 38 waliofanyiwa upasuaji, 19 walipata madhara makubwa, kama presha ya jicho kupanda, ingawa mengi yalikwisha ndani ya miezi miwili. Kwa chipu hiyo rangi hawaoni. Nyuso bado.

Naam, dada hapo mbele anauliza kuhusu presha ya macho. Ugonjwa huo huua neva yenyewe, kwa hiyo chipu ya retina haina wa kumpasha habari. Huko itabidi kuruka jicho na kwenda ubongoni moja kwa moja, kama Brindley. Kifaa kiitwacho Orion kilijaribiwa hivyo kwa watu 6.

Na wewe kijana, unataka kujua kama mimi ningekubali kuwekewa. Idadi ya elektrodi nisingeiuliza kwanza. Ningeuliza nani atanitengenezea miwani hii ikiharibika mwaka wa 10, na jibu nilitake kwa maandishi.