Usinunue TV Mpya Bado

NEEMA: Haya, karibuni tena wapenzi wasikilizaji. Mimi Neema, na niko na kaka yangu Hamisi, fundi wa TV na simu. Kaka, leo nimekuletea swali la mama mmoja wa Tanga. Ana TV bapa ya inchi 32, ya siku nyingi, haina intaneti. Mwanawe anamwambia aiuze anunue smati, ili apate YouTube, Netflix na AzamTV Max. Je, ni lazima?

HAMISI: Shikamoo mama yangu huko Tanga. Wala si lazima. Igeuze TV, angalia nyuma au ubavuni. Ukiona tundu limeandikwa HDMI, hiyo TV bado ina kazi. Nunua stiki au kiboksi cha Android TV, kale kakifaa kanakoifanya TV ya kawaida iwe smati, chomeka hapo, unganisha na waifai, basi. Hela ya TV mpya weka kwenye intaneti.

NEEMA: Lakini kuna watu wanachomeka stiki, inaonyesha nembo, inazima. Inawaka tena, inazima tena.

HAMISI: Hapo wengi wanakimbilia kusema stiki mbovu. Angalia waya wake wa umeme kwanza. Umechomekwa wapi?

NEEMA: Kwenye USB ya TV, si pale pale karibu?

HAMISI: Ndiyo penyewe. Tundu la USB la TV nyingi za zamani linatoa nusu ampea tu, na stiki nyingi zinataka ampea moja. Inapata nguvu ya kuamka, haipati ya kufanyia kazi. Tumia kichwa cha chaja kilichokuja nayo, chomeka ukutani. Umemaliza.

NEEMA: Na vile viboksi vya bei chee vya Kariakoo, vimeandikwa 4K, yaani picha kali kupita HD, herufi kubwa kuliko boksi lenyewe?

HAMISI: (anacheka) Dada, hapo ndipo watu wanapoliwa. Vingi ndani vina Android ya simu, ila vimevalishwa umbo la boksi. Netflix na wenzake wanalinda filamu zao kwa mfumo unaoitwa Widevine. Kifaa chenye daraja la L1 kinapewa picha safi. Chenye L3 kinapewa picha hafifu ya 480p, hata kama TV yako ni 4K na intaneti yako inakimbia.

NEEMA: Sasa mimi mnunuzi nitajuaje? Siwezi kumuuliza muuzaji mambo ya L1, atanijibu "ipo ipo dada".

HAMISI: Usimuulize. Mwambie awashe, afungue Netflix mbele yako kwa rimoti tu. Ukiona anatafuta kipanya, au kuna kamshale kanatembea kwenye kioo, hiyo ni programu ya simu. Aga uende duka la pili.

NEEMA: Nimekuelewa. Jingine: umeme ukikatika ukarudi, boksi linasema hakuna intaneti, na waifai inasoma vizuri kabisa. Simu zote nyumbani zinapiga kazi.

HAMISI: Angalia tarehe. Viboksi vingi havina betri ya kutunza saa. Umeme ukirudi, boksi linaamka likidhani ni 2015. Sasa YouTube ina cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Boksi linaona cheti hakijaanza hata kutumika, linakataa kuunganisha. Ingia kwenye mipangilio, tafuta tarehe na saa, rekebisha. Watu wameshabadilisha kampuni ya intaneti kwa ugonjwa huu.

NEEMA: Tuje kwenye bando, maana ndiko tunakolia.

HAMISI: Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na 4K hadi GB 7. Filamu ya saa mbili kwa HD, GB 6 zimekwenda. Kama unatumia hotspoti ya simu, ukiamka asubuhi huna hata ya WhatsApp.

NEEMA: Kwa hiyo tuache?

HAMISI: Hapana, tupunguze. Ingia kwenye akaunti ya Netflix kwa simu au kompyuta, chagua wasifu wako, nenda mipangilio ya uchezaji, weka kiwango cha kati. Hapo ni kama GB 0.7 kwa saa. Kwa inchi 32, ukiwa umekaa kwenye kochi, macho hayalalamiki.

NEEMA: Yangu yanalalamika! Mimi nataka nione hadi shanga za bibi harusi.

HAMISI: Basi funga intaneti ya mwezi isiyo na kikomo. Kwa HD kamili kasi ya Mbps 5 inatosha, kwa 4K Netflix wanataka 15. Ila ikiwa ruta iko chumbani na TV iko sebuleni, kuta mbili katikati, tumia ile waifai ya ruta ya 2.4 GHz. Ya 5 GHz ina mbio lakini haipendi kuta.

NEEMA: Na wale wanaorusha kioo kizima cha simu kwenye TV?

HAMISI: Hao nawaonea huruma. Kila kinachoingia kwenye simu kinaonekana sebuleni. Mama mkwe amekaa, ujumbe unateremka juu ya tamthilia. Kwenye YouTube bonyeza kale kaalama ka TV. TV inavuta video yenyewe, simu unaendelea na mambo yako.

NEEMA: (anacheka) Malipo ya Netflix na wenzake je, kwa asiye na kadi ya benki?

HAMISI: Kadi ya mtandaoni kutoka kwenye menyu ya pesa za simu. Weka hela kidogo zaidi ya bei, isije ikagoma kwa tofauti ya dola.

NEEMA: La mwisho, la watu wa safari. Umeingia akaunti yako kwenye TV ya gesti, umeondoka.

HAMISI: Anayefuata anaangalia kwa hela yako. Ingia kwenye akaunti yako kwa simu, tafuta sehemu ya vifaa, toa vyote, badilisha na nywila. Fanya hivyo hivyo kabla ya kuuza TV.