Namna ya kuchagua taa ya kristali ya sebuleni: anza na kipande kimoja

Habari za asubuhi, karibuni tena kwenye meza yangu ya kazi. Leo tunazungumzia ile taa kubwa ya vioo inayoning'inia katikati ya sebule. Madukani wanaiita shandelia, wazee wa pwani wanaiita thuria. Jina la thuria limetoka kwenye Kiarabu, na Waarabu hulitumia kwa taa hiyo na vilevile kwa lile kundi dogo la nyota ambalo sisi tunaliita kilimia. Mimi nalipenda sana jina hili, kwa sababu linaeleza taa yenyewe inavyotakiwa kuwa: nyota nyingi ndogo, kila moja inameta mahali pake. Ukisimama chini ya thuria nzuri unaona vimeta mamia kwa mamia. Na kama kipande kimoja hakimeti, vipande mia tatu vya aina hiyo havitameta.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, ukifika dukani, usiangalie taa nzima. Mwombe muuzaji akushushie kipande kimoja mkononi.

Mdogo wangu, sogeza kamera hapa. Nina vipande vitatu vyenye umbo la tone la maji. Kwenye picha vinafanana kabisa. Hiki cha kushoto nakishika: chepesi, na hakina ubaridi wowote. Nakigonga kwa ukucha, sikilizeni: tak. Mlio umekufa hapo hapo. Hiki ni plastiki ya akriliki. Cha katikati ni kizito kidogo na kina ubaridi, lakini pitisha kidole kwenye kona zake: zimelainika, zina mviringo, na pembeni kuna mstari mwembamba kama mshono. Hicho ni kioo kilichomiminwa kwenye kalibu, na mshono ni pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Sasa hiki cha kulia. Kizito mkononi kuliko ukubwa wake. Kona ni kali, zinakwaruza kidogo ngozi ya kidole. Nakishika kwa uzi wake, nakigonga: tiiing... bado mnausikia.

Sasa nakwenda navyo dirishani, jua la saa tatu linaingia vizuri. Plastiki imetupa kivuli cheupe ukutani. Kioo cha kalibu kimetupa mwanga mweupe, rangi zipo kwa mbali. Hiki cha tatu, angalieni ukuta: nyekundu, njano, kijani, buluu, zambarau, na nikikizungusha zinatembea hadi darini.

Hii ndiyo kristali ya risasi, na siri yake ni hiyo risasi, yale madini mazito. Mwaka 1674 Mwingereza aitwaye George Ravenscroft alipewa hataza ya kutengeneza kioo kilichochanganywa na oksidi ya risasi. Risasi inaongeza uzito, inakifanya kioo kikatike vizuri, na zaidi ya yote inaupinda mwanga kwa nguvu kuliko kioo cha kawaida, hata ukitoka upande wa pili umeshagawanyika rangi. Ulaya wana kanuni ya tangu 1969: kioo hakiitwi kristali ya risasi mpaka kiwe na asilimia 24 ya oksidi hiyo, na daraja la juu linaanzia asilimia 30.

Huku kwetu maboksi mengi yameandikwa K9. Naulizwa kila siku kama K9 ni feki. Si feki. Ni jina la kiwandani, la Kichina, la kioo safi cha daraja la lenzi, kisicho na risasi. K9 ya kweli iliyokatwa na kung'arishwa inapendeza sana na kwa nyumba nyingi inatosha. Rangi zake ni chache kuliko za kristali ya risasi, basi na bei yake iwe ya chini. Tatizo ni kwamba maandishi ya boksi hayakatai kuandikwa, na ndani unakuta kioo cha kalibu. Ndiyo maana nasema: kidole kwenye kona, ukucha, dirisha.

Niliwahi kuitwa nyumba moja Mbezi kusafisha taa ya miaka michache tu. Mama mwenye nyumba aliniambia vumbi limegoma kutoka. Nilipopanda ngazi nikakuta si vumbi, ni plastiki yenyewe imegeuka njano kwa joto la balbu. Aliuziwa kwa bei ya kristali. Kumweleza yule mama ilikuwa kazi ngumu kuliko kupanda ngazi, na nilitoka pale nimeumia. Video hii naitengeneza kwa ajili yake.

Hatua ya pili ni ukubwa, na hesabu yake ni nyepesi. Pima chumba kwa futi, urefu na upana, jumlisha. Jibu lisome kama inchi: huo ndio upana wa taa. Sebule ya futi 14 kwa 16 inakupa 30, basi tafuta taa yenye upana wa inchi 30 hivi, yaani kama sentimita 76. Ikiwa ni juu ya meza ya chakula, sahau chumba, fuata meza: upana wa taa uwe kati ya nusu na theluthi mbili ya upana wa meza, na ncha ya chini ikae inchi 30 hadi 36 juu ya meza.

Kimo ndicho kinachowaponza watu. Chini ya taa watu wapite, kwa hiyo acha futi 7 kutoka sakafuni. Dari zetu nyingi ni futi 9 au 10. Toa 7, unabaki na futi 2 au 3, na humo ndani kuna mnyororo na kikombe cha darini. Waliofika Muscat wameiona thuria ya Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, urefu wake mita 14, taa zake zaidi ya elfu moja. Inapendeza kwa sababu kuba iliyoibeba inapanda mita 50 hivi. Kwa dari ya futi 9, chagua taa pana na fupi, ile iliyokaa kama kikapu.

Hatua ya tatu, na hapa naomba mnisikilize kwa makini: jipsamu haibebi taa. Ubao wa jipsamu ni pambo. Taa ya kristali ya kilo 20 ukiifunga kwa skrubu kwenye jipsamu itashuka siku moja, na chini yake kuna watoto. Kama juu ni zege, fundi atoboe na kufunga bolti ya kupanuka yenye ndoano. Kama juu ni kenchi, apigilie ubao imara kutoka mbao moja ya kenchi hadi nyingine, ndoano iingie kwenye ubao huo. Kabla ya kupandisha taa, mimi huning'iniza mfuko wa saruji wa kilo 50 kwenye ndoano na kuuacha mpaka kesho yake. Mwili wa taa ni chuma, kwa hiyo waya wa ethi, ule wa kijani na njano, lazima uunganishwe. Ukiona fundi ameukata na kuukunja pembeni, mrudishe ngazini.

Na pangaboi? Usiviweke jirani. Upepo wake unatikisa vipande vinagongana mpaka kona zinamomonyoka, na mabawa yakipita karibu na mwanga chumba kizima kinapepesa. Chagua kimoja kikae katikati.

Hatua ya nne ni balbu, na ndiyo inayoua taa nyingi nzuri. Nunua balbu za LED zenye kioo angavu, zile unazoona nyuzi ndani yake, zilizoandikwa 2700K au 3000K, alama ya mwanga wa manjano mtulivu. Balbu yenye kioo cheupe kama maziwa inasambaza mwanga kila upande, kristali inakosa nukta kali ya kuchezea, na rangi zote mlizoziona dirishani zinapotea. Umeme nao: taa ya matawi 12 yenye balbu za zamani za wati 40 ni wati 480, ukiiacha ikiwaka kwa muda wa saa tano kila jioni ni uniti 2.4. Kwa LED za wati 4 inakuwa robo uniti.

Mnaokaa karibu na bahari, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, ulizeni chuma ni cha aina gani. Chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu hakichelewi kutoa kutu kwa hewa ya chumvi, na vipini vinavyoshika vipande ndivyo vinavyokatika kwanza. Shaba ya njano au chuma cha pua vitadumu.

Kusafisha, zima breka kabisa, si swichi peke yake. Subiri balbu zipoe. Vaa glavu mbili za pamba: moja ilowanishe kwa spiriti sehemu moja na maji yasiyo na chumvi sehemu tatu, nyingine iwe kavu. Lowa, kausha, kipande kwa kipande, kuanzia juu kushuka. Usipulizie dawa kwenye taa, itaingia kwenye holda. Na usiizungushe taa ili ikufikie, kwa maana unaifungua kwenye skrubu yake, hamisha ngazi.

Nitumieni futi za chumba na kimo cha dari, nitawapigia hesabu mmoja mmoja.